Kitanda Kisicho na Mchago

Nilikuwa mkwe wa Fundi kwa miaka kumi na sita. Katika miaka hiyo aliingia nyumbani kwangu Bagamoyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na mara zote, isipokuwa moja, alibaki amesimama. Barazani alikaa kama wanaume wote, akanywa kahawa, akabishana mpaka buli likakauka. Akishavuka kizingiti, basi: mgongo wima, mikono nyuma, macho ukutani. Mke wangu Mwanaidi, ambaye ni binti yake, aliishi na jambo hilo kama mtu anavyoishi na jino bovu. Nami nilitaka kitu kimoja tu kwa mzee yule. Nilitaka akae.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ni wa mlango gani. Waliomjua wanajua, na asiyemjua haitamsaidia. Nitaeleza niliyoyaona. Mimi nilikuwa dresa wa zahanati. Kazi yangu ilikuwa kufunga vidonda na kuandika kilichoonekana, si kilichodhaniwa, na tabia hiyo haijanitoka hata leo.

Alikuwa mrefu na mkavu, na mikono yake ilikuwa minene kupita mwili wake. Karakana yake ilikuwa uani kwake, chini ya paa la makuti, na sakafu aliifagia mara tatu kwa siku, kwa sababu, alisema, fundi anayekanyaga maranda hajui anakata nini. Hakutumia futi. Alikuwa na ufito wa mkoko alioutia alama kwa kisu: hapa goti, hapa kiuno, hapa kiwiko. Mwenye duka mmoja alimwagiza meza ya futi tano. Fundi akamwuliza, "Futi tano za nani?" Mwenye duka akadhani anafanyiwa mzaha. Hakufanyiwa mzaha. Alisimamishwa pale pale akapimwa goti na kiwiko mbele ya wateja wake, na meza akaipata baada ya miezi miwili.

Akiingia nyumba ya mtu, kabla salamu hazijaisha, mkono wake ulikuwa umeshapita chini ya meza. Juu ya meza, alisema, kila fundi ni mwaminifu. Alipapasa, akanusa vidole, akarudi kwenye salamu alipoachia. "Na watoto hawajambo?" Wenye nyumba walimzoea. Mmoja tu ndiye ninayemkumbuka aliyekasirika, na huyo meza yake ilikuwa na misumari.

Misumari aliichukia. Ndivyo tulivyojuana, kwa msumari. Zahanati ilitaka mabenchi ya wagonjwa, nikatumwa kwake, nami kwa haraka ya ujana nikamwambia agongelee tu, wagonjwa hawatazami.

"Wewe ndiye dresa?"

"Ndiyo, mzee."

"Kidonda unakifunga kwa bendeji au unakigongelea?"

Akanionyesha jinsi ulimi wa ubao unavyoingia katika tundu la ubao mwingine, ukakaa humo bila gundi wala chuma. Akanipa niutoe. Nikavuta, nikaweka goti, nikavuta tena. Haukutoka. "Msumari," akasema, akipuliza vumbi, "ni uvivu wenye kichwa." Mabenchi yale nimeyaacha zahanati yakiwa mazima, na watu walioyakalia ni wengi.

Sasa, mtu akisikia hivi atadhani Fundi alikuwa hivyo tangu mwanzo. La. Watu wazima wa Bagamoyo walimkumbuka kama mchonga nakshi, tena bingwa. Milango, masanduku, na zaidi samadari za harusi, vile vitanda vya fahari vyenye nguzo na mchago, ule ubao wa kichwani, uliosimama kama ukuta, umejaa maua na mikufu. Bibi harusi aliyelala kwenye samadari ya Fundi alikuwa na la kusema kwa wenzake. Kisha, miaka michache kabla ya vita vya pili, akaacha. Akaacha kabisa, kama mtu anavyoacha tumbaku.

Sababu ilikuwa Mzungu mmoja mchora majumba, aliyekaa mjini miezi kadhaa na mgongo mbovu. Fundi alinisimulia kisa hiki labda mara ishirini, na hakukitia chumvi hata mara moja.

"Alitaka kitu cha kulalia mchana. Akachukua kalamu ya risasi, akachora. Mstari hapa, mstari hapa, miguu minne. Akanipa karatasi. Nikaingoja iliyobaki. Nikamwuliza, 'Bwana, na sehemu nyingine utanipa lini?' Akasema, 'Sehemu gani?' Nikamwambia, 'Mchago.' Maana kitanda kisicho na mchago utajuaje mtu anaanzia wapi? Akasema hakuna mchago. Nikamwuliza maua nitie wapi. Akasema hakuna maua. Nikasema moyoni, masikini, hana kitu huyu, anaona haya kusema."

Akakitengeneza hivyo hivyo, kwa huruma. Akakipeleka. Mzungu akajilaza, kichwa upande huu. Akainuka, akageuka, akajilaza kichwa upande ule. Akacheka peke yake. Fundi akajua homa imempanda.

"Lakini nikawa nakitazama," alisema. "Nakitazama tu. Kila kitu kilikuwa wazi. Hapakuwa na pa kuficha kosa. Nikatazama kazi yangu ya miaka yote, nikaona haya." Na hapo ndipo aliposema neno lililomkosanisha na wachongaji wote wa pwani hii: ukimwona fundi anachonga ua, angalia vizuri, kuna ufa anauficha. Alikiri kwamba yeye mwenyewe alificha nyufa nyingi.

Mji haukumwelewa. Wengine walisema macho yamemwisha, wengine wakasema Mzungu kamfanyia dawa. Familia moja ilimwagiza samadari ya binti yao. Walipokuja kuichukua wakakuta kitanda laini, cheupe kwa msasa, hakina hata jani. Mama wa bibi harusi akauliza, "Bado hujaanza?" Waliondoka bila kitu, na harusi ikasogezwa. Fundi alibaki na kazi za ofisi, shule na zahanati, watu wasiouliza maua. Wazungu wa Dar es Salaam walimwagiza vile vitanda vya mchana, kimoja kimoja. Wa kwetu, hakuna. Hilo lilimuuma. Hakulisema, lakini aliniuliza mara mbili, katika mazungumzo mengine kabisa, kama nadhani watu wa Bagamoyo wana macho.

Msidhani alikuwa mtu wa msimamo mmoja. Alilaani nakshi mchana kutwa, huku kichwani amevaa kofia ya vito iliyodariziwa hata nafasi ya sindano haikubaki. Nilimwuliza siku moja, "Na hiyo kofia, mzee?" Akajibu, "Kofia si mbao." Na chumbani kwake mlikuwa na samadari aliyoichonga mwenyewe kwa ajili ya harusi yake, kubwa, ya mkangazi, yenye mikungumanga na tausi wawili. Mama mkwe wangu alimwambia akiigusa kwa randa atarudi kwao Mlingotini na samadari yake kichwani. Akalala humo. Nilimkuta siku moja, mlango ukiwa wazi, akipitisha pamba yenye mafuta ya nazi katika manyoya ya tausi, taratibu, unyoya kwa unyoya. Aliponiona akasema, "Vumbi tu."

Nilipomposa Mwanaidi alikubali kwa maneno machache, kisha akaniita karakana.

"Kitanda cha chumbani ni juu yako," akasema. "Hicho hakinihusu, wala sitaki kukiona. Mimi nitawapa kiti cha sebuleni."

"Ahsante sana, baba."

"Lala."

"Nilale wapi?"

"Chini. Hapo."

Nilikuwa na kanzu nyeupe. Nikalala sakafuni mbele ya baba mkwe mtarajiwa, mikono kifuani, naye akanizunguka na ufito na chaki, akatia alama utosini, bega, nyonga, kisigino. Akaniambia nigeukie ubavu. Nikamwambia, "Baba, kama ni kiti, mbona unanilaza?" Akasimamisha chaki. "Mtu akichoka mchana afanye nini? Ajifungie chumbani kama mzazi wa arobaini?" Nikageukia ubavu.

Kesho yake alikuja kwenye nyumba yangu, ambayo ilikuwa tupu, akaisoma sebule. Ndiyo kazi iliyomchukua muda kuliko kukata mbao. Alisimama kila pembe. Alisema kitu hiki hakiwekwi kuta zikakibana pande mbili, kitaonekana kimeadhibiwa. Aliyejinyoosha lazima amwone anayepiga hodi bila kupindua shingo. Ufagio upite chini bila kuomba ruhusa. Miguu iingie ndani shubiri moja kutoka ncha, mtu asijikwae kidole. Kidole alikirudia sana, nadhani aliwahi kuumia. Akaniuliza jua la alasiri linafika wapi, nikasema sijui, akaniangalia kwa masikitiko, akangoja hapo mpaka alasiri akaona mwenyewe.

Kilikuja siku mbili kabla ya harusi. Mbao za mninga, zilizotoka bara upande wa Lugoba, miguu minne ya mviringo inayopungua kuelekea chini, kamba za usumba wa nazi zimesukwa zikakazwa mpaka zikitekenywa zinalia. Juu yake godoro jembamba la sufi lililovishwa kaniki, na takia moja refu. Basi. Hakuna mchago, hakuna nguzo, hakuna ua. Nasema wazi: kilikuwa kizuri. Sijaona tena kitu kizuri hivyo kilichotengenezwa kwa mkono wa mtu ninayemjua, na nilijisikia fahari isiyokuwa yangu.

Siku ya tatu ya ndoa, asubuhi, jirani yetu mmoja, bibi mtu mzima, akapiga hodi.

"Karibu, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Poleni. Nani mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa, bibi. Wote wazima."

Akatazama kile kitu sebuleni, akamtazama bibi harusi, akampapasa shavu. "Msifiche, wanangu. Maradhi hayana aibu." Akaweka sufuria ya uji akaondoka.

Kwetu kitanda hakitolewi chumbani kuwekwa sebuleni bure. Kikitolewa, kuna mtu hajiwezi, na watu waje wamwone. Kufika alasiri tulikuwa na sufuria tatu za uji, kuku mmoja aliyefungwa miguu, na mwalimu wa chuo cha Kurani ameleta kombe, ile dua inayoandikwa ikaoshwa na kunywewa. Mwanaidi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka sana. Dresa akidhaniwa mgonjwa siku ya tatu ya ndoa, watu hutafuta ni ugonjwa gani.

Fundi akaja baada ya sala. Akaona masufuria, akasimama.

"Nani mgonjwa?"

Tulipomweleza, uso ukambadilika. Akatoka barazani, ambako wanaume wanne watano walikuwa wamekaa kusubiri habari za mgonjwa, akawaambia, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, kwamba hakuna mgonjwa, kile si kitanda, ni kiti, na kama mji huu ungekuwa na macho ungeona.

Mmoja wao, mvuvi mwenye ulimi, akasema kwa adabu zote, "Kiti, Fundi? Haya, tumekubali. Wewe ndiye baba. Ingia ukae, tuone."

Kila mtu pale alijua. Baba mkwe haketi juu ya kitanda cha mkwewe. Hakuna kitabu kilichoandika. Ni haya tu, haya yenyewe, tunayonyonya pamoja na maziwa. Afadhali mtu atembee sokoni bila kanzu. Kama kile ni kiti, akae, shida iko wapi? Fundi akageuka akatazama ndani, kazi yake imelala pale kwenye mwanga, kaniki imenyooka. Alitazama muda mrefu. Kisha akasema amekumbuka kitu karakana, akavaa ndara zake akaenda.

Mvuvi hakucheka. Hata yeye aliona amezidisha.

Tangu siku ile Fundi hakukaa ndani ya nyumba yangu. Mwanzoni sikuelewa. Nilinunua viti viwili vya duka, vya mbao nyepesi, nikaviweka ubavuni. Akaja, nikamwambia, "Baba, karibu kiti." Akakitazama kile kiti kama kitu kilichoanguka kutoka juu, akabaki amesimama. Mwanaidi akatandika mkeka. "Wapite watu wanione nimekaa chini, na kiti changu kiko juu yangu?" akasema. Akabaki amesimama. Jioni Mwanaidi akanifafanulia, kwa kuwa ni binti yake na anamsoma.

"Akikaa kwenye kiti chako, amekubali kile ni kitanda. Akikaa kwenye kile, atakuwa amekaa kwenye kitanda cha mkwewe."

"Lakini yeye anasema si kitanda."

"Anasema."

Kwa hiyo akasimama. Akija, alijifanya amekuja kukagua. Alipiga goti, akachungulia chini, akagonga miguu kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Miaka na miaka alikagua kitu ambacho hakikuwa na ubovu. Mama mkwe wangu, aliyekaa zake raha mustarehe kwenye kiti cha duka, alimwambia mbele yetu, "Asiyekubali kushindwa si mshindani, bwana." Naye akajibu kutoka chini ya mbao, "Nani kashindwa?"

Mji nao ulizoea. Uji uliacha kuja. Jambo la ajabu, watu walianza kukipenda. Wanawake waliokuja kwa Mwanaidi walipanda juu, watatu wanne, wakajinyoosha, wakapitisha alasiri. Wanaume wakaniuliza kwa pembeni kama Fundi bado anatengeneza. Wote walikiita kitanda. "Nataka kitanda kama kile chako." Na Fundi, kila alipoambiwa hivyo, alijibu, "Vitanda sitengenezi," na mteja akaenda zake. Hivyo ndivyo alivyokosa kile alichokitaka kuliko vyote, kazi yake kuingia katika nyumba za watu wake. Walipofungua mlango alikataa kuingia kwa sababu ya jina walilokiitia kitu chake. Nilimwona mjinga. Sikumwambia.

Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, siku ya kutolewa nje Fundi alikuja na kanzu mpya. Akapewa mjukuu. Akamshika, amesimama. Robo saa, nusu saa. Mikono ikaanza kushuka. Mimi nilikuwa nikiiangalia.

"Baba, kaa basi," Mwanaidi akamwambia. "Utachoka."

"Mtoto mwepesi."

"Kaa, baba. Nakuomba."

"Mwepesi huyu. Wepesi kautoa kwa mama yake."

Mwanaidi akaenda jikoni. Nilimfuata nikamkuta analia kwenye kanga yake, bila sauti. Nikamwambia kesho nakipasua kuni, kinatosha. Akafuta uso. "Ukikipasua hatakuja kabisa," akasema. "Ndicho anachokuja kukitazama." Nilirudi sebuleni nikiwa na hasira ambayo sikuwa na pa kuiweka. Fundi alikuwa dirishani, amemkinga mjukuu na jua kwa mgongo wake, anamwonyesha mti wa kile kitu, anamwambia huu unaitwa mninga.

Mama mkwe alipofariki, Fundi alifunga karakana, akahamia Mlingotini kwa dada yake aliyeolewa huko. Akaja mjini mara moja kwa mwezi, kisha mara moja kwa miezi miwili. Kisha zikapita mvua zote za masika bila kumwona.

Alikuja Jumapili moja, saa nne asubuhi. Zahanati ilikuwa imefungwa, watoto walikuwa kwa shangazi yao, na Mwanaidi alikuwa ameenda ferini kununua samaki. Nilisikia hodi ndogo. Alikuwa ameshika mhimili wa mlango kwa mikono miwili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mwanaidi yupo?"

"Katoka, anarudi sasa hivi. Pita, baba."

Akapita. Nilimtazama kama ninavyomtazama yeyote anayeingia zahanati, sina namna nyingine ya kutazama. Midomo rangi ya majivu. Pumzi fupi, zinapandana. Miguu imevimba mpaka ukanda wa ndara umezama. Sikuhitaji kumpima. Nilijua ni moyo, na nilijua umefika mbali.

"Umekujaje?"

"Lori la nazi. Kisha nimetembea kidogo."

"Kaa, baba."

Alikuwa katikati ya sebule. Viti vya duka kushoto, kile alichokitengeneza kulia. Akaanza kuinama kukagua, kama kawaida yake, akafika nusu, akashindwa, akajinyoosha kwa shida na jasho limemtoka. Hapo uvumilivu ukaniishia. Nilimwambia kwa sauti ambayo mkwe hamwambii mkwewe.

"Baba, moyo wako umechoka. Mimi ni mtu wa dawa, sikudanganyi. Ukisimama utaanguka. Ukianguka nitakubeba, na nitakulaza hapo hapo, utake usitake. Miaka yote hii! Kaa!"

Nilisikia aibu maneno yakiwa bado mdomoni. Yeye hakukasirika. Alinitazama, kisha akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyekutwa.

"Unataka nikae juu ya kitanda chako."

"Ni kiti, baba," nikasema haraka. Nilitaka kumwokoa. "Umesema mwenyewe. Ni kiti, kaa tu."

"Usinifundishe kazi yangu," akasema. "Kitanda hiki. Nimekijua ni kitanda tangu nilipokuwa nakisuka kamba."

Akavua kofia yake. Akageuka taratibu, akatafuta ukingo kwa kiganja nyuma yake, akaketi.

Kamba zililia, zikanyamaza. Alikaa hivyo muda, viganja viwili vimebonyeza godoro huku na huku. Sikujua niangalie wapi. Kisha akaegemea upande, na mwili ukamshuka wenyewe mpaka kichwa kikafika kwenye takia, ila miguu ikabaki chini. Hakuwa na nguvu ya kuiinua. Nikapiga magoti. Miguu ya wagonjwa nimeinua maelfu. Ile ya baba mkwe wangu niliiinua taratibu, mmoja mmoja, nikaiweka juu.

"Upande huu umelegea," akasema, macho yamefumbwa.

"Nitatafuta mtu azikaze."

"Asizikaze sana." Akavuta pumzi mbili tatu. "Pazuri hapa. Mlango unaonekana."

Akalala. Nilisimama nikahesabu pumzi zake mpaka zikatulia zikawa ndefu, kisha nikatoka, kwa sababu hata hivyo si vizuri mtu kumtazama baba mkwe wake usingizini. Nikakaa barazani.

Mwanaidi alikuja na kikapu kichwani, anatembea upesi.

"Wameniambia ferini lori la Mlingotini limemshusha baba. Yuko wapi?"

"Ndani."

"Na wewe uko nje? Umemwacha amesimama peke yake?"

Akashusha kikapu, akaenda mlangoni. Akafika kizingitini akasimama, mkono mdomoni. Hakuingia. Alibaki pale mpaka nikadhani hatageuka. Kisha akarudi akaketi karibu yangu kwenye baraza, bega kwa bega, mchana kweupe na watu wanapita.

"Alikaa mwenyewe," akaniuliza kwa sauti ya chini, "au ulimkalisha wewe?"

"Mwenyewe."

Akaniuliza tena. Nikamjibu tena.